Kamera ya Kufuata Uso wa Mama

Mimi nilinunua kamera vile mtu ananunua mbuzi. Njia ingine ya kununua kitu siijui. Shule nilisoma kidogo tu, nikafika pale mtu anaweza kuandika jina lake, halafu nikaitwa nyumbani kushika watoto. Lakini soko najua. Soko nilisoma mpaka nikamaliza.

Wacha nieleze vile ilianza, kwa sababu watu wa huku Mwala bado wananicheka, ati susu mzima anatembea na kamera shingoni kama mzungu amekuja kuona simba. Susu ndio nyanya kwa Kikamba chetu. Wacheke tu. Hata mimi nikijiangalia nacheka.

Siku moja nilikuwa nimekaa nje nachambua maharagwe. Peke yangu. Na hiyo si habari mpya, peke yangu ndio hali yangu. Mzee alishatangulia. Kijana wangu yuko Syokimau na bibi yake na kazi yake, ninamwona Krismasi. Msichana yuko Uarabuni, kazi ya nyumba, anapiga simu siku anapewa ruhusa. Kwa hivyo mchana wangu ni mimi, kuku, mbuzi, na redio ikiwa na betri. Sasa mtu akikaa hivyo anaanza kuita watu wake kwa kichwa. Namwita mzee, anakuja na ile kofia yake. Namwita baba, anakuja akikohoa. Hiyo siku nikamwita mama. Mama akakataa kuja.

Leso yake niliona, ile ya maua ya njano. Sauti nikasikia. Lakini uso, hakuna. Mahali pa uso palikuwa peupe kama sahani imeoshwa. Nikaweka ungo chini, nikafunga macho, nikamwita tena na tena. Kuku wakala maharagwe na sikuwafukuza.

Na picha yake hakuna mahali. Mama alikuwa na picha moja tu maisha yake yote, ile ya kipande, kasura kadogo kama ukucha wa kidole gumba. Alipokufa, ofisi ikataka hicho kitambulisho kirudishwe. Hiyo ndio sheria, hata leo mtu akifa kitambulisho chake kinarudi kwa serikali. Kaka yetu akakipeleka, akapewa karatasi, tukazika. Hakuna mtu alifikiria kitu. Wakati huo uso wa mama tulikuwa nao sisi wote, nani angejua kwamba uso unaweza kuisha kama sabuni?

Kaka naye akafa. Nikabaki mimi na dada yangu mkubwa. Dada aliolewa na mtu wa Shimba Hills, huko Kwale. Kuna Wakamba wengi huko, walienda zamani wakapewa mashamba, wakazaa, wakakaa. Tangu tuzike mama mimi na yeye hatujaonana, ni simu tu. Lakini zamani kila mtu kwetu alikuwa anasema, ukimwona dada umemwona mama, ni kama mtu amekatwa mara mbili. Mimi ati ni wa upande wa baba. Basi nikajiambia: uso haujapotea. Uko Kwale, unatembea, unakula nazi. Kazi yangu ni kuufuata na kuuleta nyumbani.

Nikampigia.

"Njoo tu, mdogo wangu," akasema. Kiswahili chake siku hizi ni cha pwani, kinateleza. "Miye miguu imekataa safari. Nikitoka hapa tena, nitatoka nimebebwa."

"Usiongee hivyo. Nakuja, na nitakupiga picha."

"Na meno haya? Mengine hata sijui yaliangukia wapi."

Alicheka, lakini nilisikia vile anavuta pumzi. Nikajua hii si safari ya kungoja mvua.

Utaniuliza, kwani susu hana simu? Niko nayo. Kijana wangu alinipa yake akinunua ingine, kioo imepasuka kama nyumba ya buibui, ukipiga mtu anatoka kama anakulilia kwa moshi. Ile ya kwanza kabla ya hiyo ilikuwa nzuri, na ndani ndio kulikuwa na picha za mzee zote. Nikaiweka kifuani, nikainama chooni, ikateleza. Ikaingia shimo. Mzee wangu na kofia yake akaniacha mara ya pili, na hiyo mara hata mchungaji hakuitwa. Tangu siku hiyo mimi siweki mtu wangu kwa simu. Nilitaka chombo ambacho kazi yake ni moja.

Pesa ilitoka wapi? Ilitoka kwa chama. Chama chetu cha akina mama ni kile cha kupeana kwa zamu, na tuko na sheria moja: zamu yako ikifika, lazima ununue kitu cha kuonekana na macho. Si chakula, si deni. Halafu wote tunakuja kwako kuiona na kunywa chai. Nimeenda kuona matangi ya maji mpaka nimechoka. Nimeona magodoro, nimeona sola, nimepapasa mbuzi. Zamu yangu ikafika. Kwanza nikatoa nauli ya Kwale, kwenda na kurudi, nikaisokota kwa soksi. Ile ilibaki ndio nikaenda nayo Machakos town.

Niliuliza watu wa sokoni, nikapanda ngazi, nikapata studio ya mwanamke mmoja mnene, mtu wa upande wa Murang'a, anapiga picha za harusi na za pasipoti na anauza kamera mpya na za mkono wa pili. Aliniona nikiingia na kyondo changu, kile kikapu cha mkonge, akavuta kiti, akaniita shosho, ndio susu kwa lugha ya kwao.

"Karibu shosho. Ni picha ya pasipoti?"

"Ni kamera. Nasafiri."

Akaniangalia. Akaangalia mlango kama kuna mtu ananifuata. Hakukuwa na mtu.

"Shosho, utakuwa unapiga nini?"

"Uso."

"Uso wa nani?"

"Wewe leta tuone kwanza."

Akaleta moja kubwa nyeusi, mpya, lenzi imetoka kama pua ya ndovu. Nikaishika, mikono ikashuka. Nikamwambia hii ni ya mtu ana punda wa kubeba. Akacheka, akatoa ingine kutoka kwa kabati, ndogo, imekwaruzwa pembeni.

"Hii basi. Zile za zamani ziko na kioo ndani, kinaruka kila ukipiga, ndio inalia kwacha! Hii haina kioo. Ndio maana ni ndogo na ni nyepesi, watu wa safari ndio wanazitaka. Zinaitwa mirrorless."

"Haina kioo? Kwani ilivunjika?"

"Haikuvunjika, shosho! Ilizaliwa hivyo."

"Kama mbuzi haina pembe."

"Eeh, sawa, kama mbuzi haina pembe."

Hapo nikajua tutaelewana. Nikakunja leso, nikaanza kazi. Nikamwambia aifungue hiyo kamera mdomo, kama mbuzi anaangaliwa meno. Akatoa lenzi, nikachungulia. Akainua ile lenzi kwa dirisha, akanionyesha vile tunaangalia kama kuna utando ndani, maana lenzi ikikaa mahali pa unyevu inaota kuvu kama mkate. Ilikuwa safi.

"Imezaa mara ngapi?" nikauliza.

Wacha acheke! Alishika meza. Lakini alielewa. Akaniambia hizi mashine zinajihesabu zenyewe, kila picha inaandikwa ndani. Akabonyeza, akaangalia. "Imezaa, lakini si ya kuchoka. Bado itakuzalia."

"Na mwenyewe, mbona anaiuza? Mtu hatoi mbuzi ya maziwa bure."

"Alikuwa mtu wa harusi, anapiga sherehe za usiku. Hii usiku haioni vizuri sana. Mchana inaona kama mwewe."

"Hata mimi usiku sioni. Tutaishi."

Alitaka kuniongezea lenzi ya pili, na mkoba, na miguu mitatu ya kusimamishia. Nikasema hapana, niko na mbili zangu. Yeye mwenyewe akakubali, akasema ukiwa na pesa kidogo usitafute bodi mpya, ule mwili wa kamera, tafuta lenzi safi, na hii moja inatosha nyumba, njia na mtu. Tukavutana bei mpaka akaita chai. Mwisho nikamwambia, kwetu ukinunua mbuzi unapewa na kamba yake. Akanipa ukanda wa shingo na betri ya pili, akisema, "Shosho, ungefungua duka hapa ningefunga langu."

Akanifundisha. Bonyeza nusu, ngoja ilie ti-ti, halafu malizia. "Usiwe na haraka, shosho. Nusu kwanza. Wengi wanaharibu hapo." Nikarudi nyumbani nikisema kwa mdomo, nusu, ngoja, malizia.

Chama wakaja. Niliwapikia chai na mandazi, nikaleta kamera kwa sinia nimefunika na kitambaa. Nikafunua.

"Haiya! Hii ndio tangi?" mmoja akasema.

"Mwaitu, hii inashika maji lita ngapi?" Mwaitu ni mama, ndivyo tunaitana.

Walinicheka mpaka chai ikapoa. Halafu kila mmoja akafunga kitambaa vizuri na kutaka kupigwa. Tulifurahi sana hiyo siku. Mwenyekiti wetu akiwa anatoka, akiangalia nyumba, akauliza tu, bila ubaya, "Sasa sisi tukienda, utakuwa unapiga nani?"

Lilikuwa swali la kawaida. Likabaki kwa mlango baada ya wao kwenda.

Nilipiga mbuzi. Nilipiga kuku, nikapiga ungo, kiti cha mzee, sufuria, barabara. Kijana wangu akapiga simu, akasema, "Mum, kamera ya nini? Si ungeniambia nikuletee simu ingine?" Nikamuuliza, "Ungeleta lini?" Akasema network ni mbaya. Jioni hiyo nikakaa nikirudisha picha nyuma moja moja, nikaona kitu nilikuwa sijaona na macho yangu. Boma yangu yote iko hapo, imefagiliwa, na hakuna mtu. Unaweza fikiri mwenyewe alihama. Nikaizima. Nikafunga kyondo.

Njia sitaieleza, njia ni njia. Nilifunga kamera na leso mbili nikaipakata kama mtoto mgonjwa, na nikafika Shimba Hills nikiwa na vumbi mpaka kwa nyusi. Huko ni kijani, minazi, hewa nzito kama blanketi imeloa. Dada alikuwa amekaa mlangoni. Akainuka akishika ukuta.

Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi. Nilijua nitaona mama amesimama mlangoni.

Niliona mwanamke mzee. Mashavu yameingia ndani kwa sababu ya meno, macho yamekuwa madogo, kidevu kimekuja mbele. Mtu kama huyo ningempita barabarani, nimsalimie tu na niendelee. Tukashikana, tukalia kama watoto, na mimi nikilia niko na aibu, kwa sababu nilikuwa namwangalia juu ya bega namtafuta mtu mwingine.

Nikampiga picha akiwa amekaa. Nusu, ngoja, malizia. Nikampiga pembeni, nikampiga akicheka, nikamwambia atoe kitambaa, nikamwambia afunge mdomo. Kila mara naangalia kile kioo cha nyuma. Mama hayuko.

"Hebu we!" akasema. "Unatafuta nini humo ndani? Umeangusha sindano?"

Nikamwambia. Nilishindwa kumdanganya. Nikamwambia uso wa mama umenitoka, nimeufuata huku, kwa sababu yeye ndiye alifanana naye.

Akapangusa mikono kwa leso ingawa haikuwa na maji. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha bila sauti, mabega tu.

"Mdogo wangu. Mimi nilipoambiwa unakuja, nililala nikisema, kesho nitamwona mama. Mimi mwenyewe sina uso wake, ulikwenda siku nyingi. Nikasema, huyu mdogo ndiye aliyefanana naye."

"Mimi? Si mimi ni wa baba!"

"Pua ni ya baba. Mdomo je?"

"Mdomo huu?"

"Hapana," akasema akiniangalia sana. "Hapana, si huo."

Tukabishana mpaka tukaacha Kiswahili, tukaingia Kikamba chetu cha utotoni. Yeye anasema mama alikuwa na mwanya, mimi nasema hana. Yeye anasema macho makubwa, mimi nasema ya kawaida. Wajukuu wake walifikiri tunagombania shamba. Tulilala kitanda kimoja hiyo usiku, migongo imegusana, na kila mtu peke yake na uso wake mweupe. Sijawahi kuwa karibu na mtu hivyo na kuwa mbali hivyo.

Asubuhi akasema anaenda kisimani. Wajukuu wakakataa, nikakataa, akasema mgeni wake ataoga maji yake, basi. Akachukua mtungi na mukwa. Mukwa ni ile kamba pana ya ngozi sisi Wakamba tunapitisha kwa paji la uso, mzigo unakaa mgongoni. Huko pwani wanawake wanabeba maji juu ya kichwa, wanatembea wamenyooka kama mlingoti. Dada yangu amekaa nao maisha yote na hakubadilisha. Walimcheka akiwa msichana, akazeeka, wakaacha.

Nikamfuata na kamera shingoni. Kwenda tuliongea. Kurudi, akajitwika, akainama, akaanza kupanda ile njia nyekundu. Nikamwambia nisaidie kubeba, akazidi kupanda. Nikabaki nyuma, kile kilima ni kikali na mimi si mtu wa milima tena. Nikamwita, "Ngoja!" Hakungoja. Nikainua kamera nipate hata hiyo, nikasahau mambo ya nusu, nikabonyeza yote mara moja.

Tulipofika nikamwonyesha, ile tu ya kucheka, nikamwambia, angalia, nimeharibu, nimepiga mgongo.

Akachukua kamera na mikono miwili. Ndani ya hiyo picha hakuna uso kabisa. Kuna mtungi, kuna kamba imevuta kichwa mbele, shingo imeinama, leso imefungwa kiunoni, na visigino, kimoja kinaangalia nje.

Dada hakuniuliza ni nani. Aliiangalia, na sauti yake ikawa ndogo, akasema kwa Kikamba, kama anaita mtu ako mbali kidogo:

"Mama, tungoje."

Hata mimi nilikuwa nishaona.

Hivyo ndivyo tulikuwa tunaita. Wakati wa kiangazi mto ulikuwa mbali, na mama alikuwa mbele na maji, na sisi nyuma tunakimbia kwa vumbi, mama tungoje, mama tungoje. Hangoji. Si ubaya. Na ule mzigo, ukisimama, kuondoka tena ni shida, kwa hivyo anasonga tu, na ukitaka mama unasonga pia. Asubuhi anatoka kabla ya mwanga. Jioni jikoni ni moshi na giza, na yeye ameinamia moto. Uso wake tungeuona saa ngapi? Tulimtafutia uso, na sisi wote wawili tulikuwa tumemjua kwa nyuma.

Tukaikalia hiyo picha mpaka betri ikaisha. Nikaweka ile ya pili.

Siku ya kurudi dada hakutoka mlangoni. Alikaa pale pale, akainua mkono. Mimi ndiye nilikuwa mbele hiyo siku, na sikugeuka, kwa sababu nilijua nikigeuka sitaondoka.

Yule mwanamke wa Machakos akaniprintia kubwa, akaniuliza, "Shosho, na ule uso?" Nikamwambia ndio huo. Akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaitia kwa fremu. Alitoa mbili, ile ingine nikamwachia kwa bahasha aitume Kwale kwa dada.

Chama wakaja kuona. "Mwaitu! Umeenda mpaka pwani kupiga mgongo?" Tukacheka, mimi nikicheka kuwashinda wote. Wakanywa chai, wakaenda.

Nimeitundika mbele ya kiti changu, si cha mzee, changu. Nikimaliza kufungia mbuzi nakaa hapo, niko nyuma yake. Nyumba inanyamaza vile inanyamazanga. Halafu simu inalia, kile kioo cha buibui kinawaka, ni dada. Siku hizi hasalimii kwanza. Anauliza tu:

"Amefika?"

Naangalia ule mgongo ukutani.

"Bado," namwambia. "Bado anapanda."